Sauti Aliyoichagua Nasra

Tangu sheria iwaruhusu watoto kuchagua sauti za wazazi wao, nyumba ya Bi Mwatumu ilikuwa imetulia kama maji mtungini. Kidude kidogo shingoni mwake kiliyapokea maneno yake na kuyatoa kwa sauti ya Dogo Marashi, mwimbaji aliyependwa mno na bintiye Nasra. Wataalamu walikuwa wamethibitisha kwamba mtoto humsikiliza mwimbaji kuliko mzazi, na kweli, amri ya kuoga, iliyokuwa vita kila jioni, sasa ilipokewa kwa makofi.

"Afadhali wewe," mumewe Makame alilalamika kwa sauti ya mtangazaji wa mpira aliyepagawa. "Mimi nikiomba chumvi tu, majirani hudhani tumefunga bao!"

Jumamosi moja asubuhi, Mwatumu alikuwa akikaanga maandazi kidude kilipoishiwa chaji. Aligeuka kuchukua sahani, na alipotazama tena, mkono wa Nasra ulikuwa ukilinyemelea karai la mafuta.

"Nasra! Usiguse!"

Mtoto hakushtuka hata kidogo. Mkono uliendelea na safari yake, mpaka mama mwenyewe aliporuka akaudaka.

"Hukunisikia?"

"Nilisikia mtu akipiga kelele," Nasra alisema, akiangaza huku na huku. "Ni msanii gani huyo, Mama?"

"Ni mimi, mwanangu. Hiyo ndiyo sauti yangu."

Nasra alimtazama kwa huruma, akampapasa mkono.

"Usijali, Mama. Ukijitahidi, nawe utavuma."