Kikombe cha Mwalimu Mbwilo

Sheria ya siku hizi haina mzaha: mwalimu akiugua uzeeni, hutunzwa nyumbani kwa mwanafunzi wake wa zamani, kwa mbinu zilezile alizotumia darasani. Mimi nimeletewa Mwalimu Mbwilo. Kiharusi kimempooza upande mmoja na kumfunga ulimi.

Nilipokuwa kwenye darasa lake la watoto wenye mahitaji maalumu, sikuweza kutamka. Nikionyesha mtungi wa maji kwa kidole, anaficha kikombe mgongoni. "Sema kwanza, Sekela." Huo ndio ulikuwa utafiti wake: kiu imfundishe mtoto kusema. Nililia hadi koo likakauka, yeye anaandika tu.

Jana mchana, jua likiwaka, Mwalimu alinyoosha kidole kuelekea kikombe.

"Sema kwanza, Mwalimu."

Alinitazama. Alikumbuka. Machozi yakamtoka, nami nikaendelea kuchambua mchicha wangu. Ulipokwisha, akajikaza: "Ma... ji."

Nikamnywesha. Jicho lake la upande usiopooza likang'aa kwa furaha, wala si furaha ya maji. Ni ya mtafiti aliyeona mbinu yake imefanya kazi.

Hilo sikulitegemea. Nikakijaza kikombe tena, nikakificha mgongoni.

"Sasa sema samahani."