Kifaru, Nyundo na Chumba cha Wageni

Mke alikuwa amelala kifudifudi sebuleni, bisibisi mdomoni, akimfunga Kifaru pembe ya pili. Pembe yenyewe ilikuwa kipande cha bati alichokikata kazini kutoka kwenye mlango wa lifti chakavu. Kifaru alikuwa roboti wa kupigana, mdogo kama kiatu cha mtoto, anayepokea amri kutoka kwenye simu.

Upande wa pili wa meza, mume wake, mwalimu wa hesabu, alikuwa akimpaka Nyundo, roboti wake, mafuta ya kupikia kwenye magurudumu.

"Ili awe mwepesi," alisema, ingawa hakuulizwa.

"Mpake mpaka masikio," mke akamjibu. "Leo utanikoma."

Ugomvi ulikuwa wa chumba. Nyumba yao ilikuwa na chumba kimoja cha wageni, na mama zao wawili, kila mmoja kwa wakati wake, walikuwa wametangaza kwamba wamechoka kuishi peke yao. Ukimkaribisha mmoja umemfukuza mwingine, na mama hakataliwi. Wiki tatu nzima wanandoa wale walilizunguka jambo hilo kwa adabu. "Aje mama yako," mume alisema. "Hapana, aje wako," mke alijibu, na kila mmoja alimwona mwenzake ana moyo wa dhahabu.

Mwishowe mwalimu akatoa mkobani roboti wawili aliowanyang'anya wanafunzi wake darasani. Roboti atakayetoka nje ya duara ameshindwa. Mama wa mshindi anahamia. Mashine haina upendeleo, na hakuna wa kulaumiwa. Mama wote wawili walikubali siku hiyo hiyo, bila hata kununa.

Mke alimpenda mama yake, tena sana, na alimpenda zaidi akiwa mbali. Mara ya mwisho mama huyo alikaa kwao siku kumi. Alipanga upya kabati zote, akawasimulia majirani binti yake aliacha kukojoa kitandani akiwa na umri gani, na kila mchana alimpigia simu binti huyo, fundi wa lifti, akiwa amening'inia ghorofa ya tisa, ili amuulize kama amekula. Mama mkwe ni habari nyingine. Mama mkwe humwonea mtu haya. Huomba ruhusa hata kufungua friji.

Basi mke akaishika simu na kuanza kuburuta amri kwa kidole, moja chini ya nyingine. *Ukimwona adui, rudi nyuma.* Hiyo angeweza kuitetea: hata anayetaka kuruka hurudi nyuma kwanza. Kisha akalizima jicho dogo la chini ya tumbo la Kifaru, lile linaloona mstari mweupe na kumwambia asimame. Miaka kumi na miwili alikuwa akilipwa kuhakikisha vitu vinasimama panapotakiwa. Alijiona mwana mbaya, na alijua usiku atalala vizuri.

Saa kumi jioni walitandika ubao mweusi wenye duara jeupe. Simu ya tatu iliegemezwa kwenye chupa ya maua ili mama zao waone kila kitu. Mama hao walikuwa wamekaa kochi moja, nyumbani kwa mama yake mke, ambako mtandao haukatikikatiki. Nyuma yao kulikuwa na godoro lililoviringishwa na kufungwa kamba.

"Pigana kiume, mwanangu!" mama mkwe akapaza sauti.

"Usiniaibishe!" mama yake mke naye akadakia.

Mwalimu akahesabu. Moja, mbili, tatu.

Kifaru akamwona Nyundo. Nyundo akamwona Kifaru. Wote wawili wakarudi nyuma kwa kasi, wakavuka mstari kwa pamoja. Kifaru akaingia chini ya kochi, na Nyundo akagonga mguu wa meza na kuendelea kuzungusha magurudumu yake ya mafuta.

"Hitilafu," mume akasema.

"Hitilafu," mke akakubali.

Mara ya pili ikawa vilevile. Mara ya tatu Nyundo alitoka duarani kabla hesabu haijafika tatu, ikabidi ifutwe.

Mke akainyakua simu ya mume na kuisoma. Maagizo yalikuwa machache. Aliyajua yote kwa moyo, hata lile la jicho la chini ya tumbo. Alipoinua uso, mume alikuwa ameishika simu ya mke, naye akisoma.

"Lakini wewe," mume akanong'ona, "si ulisema unammisi mama yako?"

"Na wewe je?"

Kwenye simu iliyoegemea chupa ya maua, mama mkwe alikuwa akicheka mpaka anafuta machozi.

"Sare hiyo!" alisema. "Hata vyuma vimekataa kugombana, seuze sisi?"

"Tena msijisumbue kurudia, wanangu," mama yake mke akaongeza, huku akilipapasa lile godoro. "Mwenzangu alipokwenda kuwapimia pazia mwezi uliopita, alipima na sakafu ya chumba cha wageni. Vitanda viwili vinaingia."