Mteremko wa Vitambaa

Tyson aliliviringisha jiwe la arobaini na tatu hadi kichakani, akalifunika kwa majani, kisha akatazama huku na huku kama mwizi wa kuku. Jua lilikuwa halijachomoza. Mtu angemwona, mambo yangeharibika.

Waandalizi wa mashindano ya baiskeli za milimani walikuwa wamesema bayana: njia ya mwaka huu ni siri. Ramani ingetolewa Jumamosi asubuhi, palepale pa kuanzia, ili asiwepo wa kujinoa mapema. Lakini Mungu si Athumani. Wiki tatu kabla, Tyson akikatiza kuelekea mto Isiukhu, aliona vipande vya kitambaa chekundu vimefungwa mitini, kimoja baada ya kingine, hadi ukingoni mwa maji. Njia yenyewe ilikuwa mbaya ajabu: mawe, mizizi, utelezi, na korongo katikati. Njia ya mashindano kabisa! Alicheka peke yake. Waandalizi wa huku nao, badala ya utepe wamefunga matambara.

Usimhukumu haraka. Mwaka jana, mbele ya umati, Tyson aliruka kutoka mwambani akatua dimbwini kifudifudi, baiskeli ikimfuata mgongoni. Video ilizunguka Lurambi yote kabla hajamaliza kutema matope. Tangu siku hiyo akaitwa Chura. Na jina hilo lilimuuma, kwa sababu Tyson ni fundi wa baiskeli, na nani atampelekea Chura baiskeli yake? Wateja walihamia kwa Shikanga, ng'ambo ya barabara, mmoja mmoja. Akianguka tena mwaka huu, atafunga kibanda arudi Kabras kukata miwa ya baba yake.

Basi akaapa kwamba njia hii itamtii. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: kila jiwe alilokutana nalo lilifanana na lile la mwaka jana, na kila jiwe akaling'oa.

Siku ya nne alifumaniwa. Kukhu Pascalia, bibi wa boma la juu ya mteremko, alimsimamia kichwani na mitungi miwili mitupu mikononi.

"Chura ni wewe?"

"Naitwa Tyson, Kukhu."

"Na unafanyanga nini hapa kila asubuhi?"

Tyson hakuwa na pa kukimbilia. Akamweleza yote, akamsihi asimwambie mtu. Kukhu akatua mitungi, akafikiri sana.

"Mimi ni kaburi," akasema. "Lakini hapo kwa korongo utavunjika shingo. Si uweke magogo?"

Tyson akaleta magogo, akayalaza. Kesho yake Kukhu akayakanyaga mara tatu, akasema yanacheza. Tyson akayafunga kwa waya.

"Na upana?" akauliza Kukhu siku nyingine. "Usukani wako si mdogo."

Tyson hakuwa amebeba futi. Kukhu akasimama katikati ya njia, mtungi mkono huu, mtungi mkono ule. "Pima na mimi. Nikipita bila kugusa majani, hata wewe utapita."

Tyson alifyeka hadi Kukhu akapita.

Lililobaki lilikuwa kule kupanda kurudi juu kutoka mtoni, kando ya njia ya kuteremkia. "Hapa baiskeli haipandi," Kukhu akaamua. "Utaibeba kwa bega. Chimba ngazi."

Tyson alistaajabu jinsi ajuza huyu alivyoyajua mambo ya mbio. Ni kweli, mwendeshaji akizidiwa hubeba baiskeli yake. Alichimba ngazi ishirini na sita, viganja vikapasuka, Kukhu akamletea viazi vitamu na chai ya maziwa, akamwita mjukuu wake.

"Jumamosi nakuja kukushangilia," akaahidi. "Na ingokho nakuletea."

Hiyo haikuwa ahadi ndogo. Kuku wa Kukhu Pascalia walijulikana kijiji kizima. Kila mmoja alitiwa alama mguuni, jirani asije akadai ni wake, na hakuna aliyewahi kugawiwa bure.

Kufikia Ijumaa, Tyson alikuwa ameteremka mpaka mtoni mara kumi bila kugusa breki. Alilala usingizi wa mtoto.

Jumamosi umati ulikuwa mkubwa kuliko wa mwaka jana. "Chura!" Shikanga akamwita kwa mbali. "Umekuja na taulo?" Watu wakacheka. Tyson akatabasamu tu, leo wangemjua.

Ramani ikabandikwa. Tyson akaitazama, akaitazama tena. Akainamisha kichwa aitazame kwa upande.

"Mtoni tunashukia wapi?" akamuuliza mwamuzi.

"Mtoni? Hatufiki huko. Njia yote iko upande wa msitu. Wewe fuata utepe wa manjano."

"Na ule mwekundu?"

"Mwekundu gani?"

Kabla Tyson hajajibu, akasikia jina lake likiitwa, lile halisi. Kukhu Pascalia alikuwa akipasua umati, nyuma yake kina mama sita wa kijijini wakipiga vigelegele.

"Tyson, mjukuu wangu!" Akamsukumia kuku mnene kifuani. "Ushinde, ushindwe, huyu ni wako. Na Jumatatu upite nyumbani. Kuna njia nyingine inaenda zahanati, nimeshaiwekea alama."

Kuku akapiga mabawa, akanyoosha mguu. Ulikuwa umefungwa kitambaa chekundu.