Mguu wa Kulia

Bonaria aliburuta mguu wa kulia mbele ya kanisa, polepole, huku akihesabu. Hatua kumi, kisha anasimama na kuegemea ukuta. Hatua kumi nyingine.

"We Bonaria!" Bi Paska aliita kutoka dirishani, sufuria ya maharage mabichi mapajani. "Jana umebeba gunia la unga begani, leo umevunjika?"

"Nafanya mazoezi, shangazi."

"Mazoezi ya kuchechemea? Haya, endelea, utatupita hata sisi vikongwe."

Bonaria alicheka, akaendelea kuchechemea. Kwenye kifundo cha mguu alikuwa amevaa bangili nyeusi ya mpira. Bangili hiyo ilihesabu kila hatua, ikapima miguu yote miwili inavyokanyaga, na kupeleka yote kliniki mjini Cagliari, na huko waliamini imevaliwa na Vitalia, mdogo wake.

Vitalia alikuwa mwalimu wa darasa la pili hadi alipopatwa na sklerosi, ugonjwa unaochubua mishipa ya fahamu. Kwanza uliuchukua mguu wa kulia. Halafu ukaanza kuchukua vitu visivyoonekana: majina ya watoto, nusu ya sentensi, jana yote. Kliniki ilimpa wiki kumi na mbili za mazoezi ya mbali. Kila siku atembee na bangili, maana kutembea, walisema, huamsha akili. Na kila Ijumaa afanye mtihani wa hesabu kwa simu. Mwisho wake daktari angeandika barua, na kwa barua hiyo mkuu wa shule angemrudishia darasa lake Septemba. Bila barua, darasa lingepewa mwalimu mwingine.

Alijitahidi wiki mbili. Wiki ya tatu joto likaja, akashindwa hata kutoka kitandani. Ukikosa siku tatu, nafasi yako inakwenda kwa mgonjwa mwingine. Siku ya tatu Bonaria alipiga magoti, akamvua mdogo wake bangili, akaivaa yeye.

"Huo ni wizi," Vitalia alisema.

"Nimeiba nini? Uchovu wako?"

Mtihani nao ukawa wake. Mtandao wa kijijini haukubeba picha, ulibeba sauti tu, na sauti zao hata marehemu mama yao alikuwa akizichanganya. Mashine ilitaja namba, nawe ujumlishe kila namba na ile iliyoitangulia. Tatu, sita: tisa. Mbili: nane. Bonaria, aliyezoea kugawa unga wa mikate mia kichwani bila kalamu, alikosea makusudi kila jibu la tano, wasije wakashtuka.

Wiki ya nane Daktari Floris alipiga simu. "Uko palepale, Bi Vitalia. Si vibaya. Ila shule wanataka kuona umepanda."

Tangu siku hiyo Bonaria hakuchechemea tena. Kila jioni, akitoka kwenye tanuri lake la mikate, alipanda mlima hadi kwenye kanisa dogo la juu na kushuka, kwa nguvu zake zote. Ijumaa hakukosea makusudi hata jibu moja.

Haikuwa kazi nyepesi. Vidole vilikufa ganzi, akalaumu kukanda unga. Alijikwaa kizingitini mara mbili wiki moja, akalaumu viatu vipya. Na Ijumaa moja alitoka kwenye mtihani jasho likimtiririka shingoni.

"Wameongeza kasi," alisema. "Namba zinanyesha kama mvua ya mawe."

"Wameongeza kwa sababu umepanda." Vitalia alitabasamu, mara ya kwanza tangu majira ya baridi. "Dada, leo nimekumbuka majina ya watoto wangu wote. Ishirini na mmoja. Sikiliza."

Akaanza kuyataja, akikunja kidole kwa kila jina. Alipofika la tisa alinyamaza. Alivitazama vidole vyake kama vile ni vya mtu mwingine. Bonaria alisubiri. Angeweza kumpa hatua zake, na majibu yake, na sauti yake. Jina la kumi hakulijua.

"Utalikumbuka kesho," alisema, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Siku ya mwisho ya wiki ya kumi na mbili simu iliita adhuhuri, wakiwa mezani. Bonaria aliiweka katikati ya sahani ili wote wawili wasikie, akaitika kwa jina la mdogo wake.

"Bi Vitalia," alisema Daktari Floris, "mguu wako wa kulia sasa unakanyaga kama wa mtu asiyewahi kuugua. Sijawahi kuona kitu kama hiki."

Vitalia aliukamata mkono wa dada yake juu ya kitambaa cha meza. Bonaria alifumba macho. Moyoni alikwisha kuliona lango la shule, na watoto wakikimbia.

"Lakini barua siwezi kuiandika." Sauti ya daktari ilishuka. "Nimerudia kuangalia mara tatu, nikitumaini bangili imekosea. Wiki hizi nne za mwisho ni mguu wa kushoto unaoburuzika, kila siku zaidi. Na hesabu zako zimeanguka hadi nusu. Kuna mahali papya palipoumia, kichwani au mgongoni, na panaumia haraka."

Mkono wa Vitalia ulizidi kukaza.

"Bi Vitalia? Njoo Jumatatu tukupige picha. Na tafadhali, usishike usukani. Si una dada? Mwambie yeye akulete."