Hewa ya Dualeh

Fahmo aling'oa msumari wa kwanza wa dirisha kwa koleo. Wa pili ulimkata kidole, hakujali. Nyuma yake Saadia, mwenye mimba ya miezi saba na aliyekuwa amerudi kazini asubuhi hiyo baada ya wiki ya mapumziko, alikuwa amelazwa sakafuni, hajitambui. Dirisha lilipofunguka wanaume walikuwa tayari wanambeba kwenda hospitali.

"Akifa huyu, Dualeh, kaburi utachimba wewe," Fahmo alimwambia meneja mbele ya watu wote.

Ofisi yao ya bima ya mifugo ilihamia jengo hili la mtaa wa Wabera mwezi wa tatu. Dualeh alibomoa kuta, akawapanga watu arobaini katika ukumbi mmoja kama mbuzi mnadani, kisha akapigilia madirisha misumari ati vumbi litaharibu kompyuta. Mashine moja ya hewa, iliyofungwa stoo, iliwapulizia wote. Yeye alijibakishia chumba chenye dirisha. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Mwanzoni kero ilikuwa harufu ya rangi na gundi ya zulia. Hiyo Fahmo aliimaliza mwenyewe, kwa kufika kabla ya wote. Saadia alimshukuru: "Abaayo, dada yangu, asubuhi kunanukia kama nyumbani. Ni hiki kichwa tu."

Kichwa, macho, kichefuchefu. Kufikia saa nne nusu ya ukumbi ilikuwa imelalia meza. Dualeh alisema ni uvivu. Wiki ile Fahmo alipokwenda Sericho kumzika shangazi yake, hakuna aliyeumwa hata mmoja. Aliporudi akaambiwa hivyo, alichemka: kumbe Dualeh anaweza kuitengeneza mashine, ila hataki tu. Siku hiyo hiyo aliandika barua kwa idara ya afya, na leo, baada ya Saadia kubebwa, ndipo mkaguzi alipofika.

Mkaguzi aliitwa Lobokat, mtu wa maneno machache. Aliingia na kipimo chake chumbani kwa Dualeh. Kipimo kikanyamaza.

"Umeona?" Fahmo alisema. "Yake safi. Sisi ndio wa kufa."

Ukumbini kipimo kilianza kulia. Kadiri walivyoisogelea stoo ndivyo kilivyozidi. Fahmo alitangulia, amejaa hasira, na watu nyuma yake. Simu ya hospitali ilikuwa imeingia sasa hivi: Saadia amezinduka, lakini mtoto hachezi.

Lobokat alisukuma makatoni. Chini ya mdomo wa mashine, pale inapovutia hewa ya ukumbi mzima, palikuwa na chetezo cha udongo, ubani wa unsi juu yake, makaa bado mekundu.

"Sumu ni ya haya makaa," alisema. "Nani huwasha?"

Dualeh alitikisa kichwa, haelewi.

Fahmo alikuwa amekiwasha saa kumi na mbili na nusu, kama kila asubuhi. Na leo, kwa kuwa Saadia alikuwa anarudi kazini, alikuwa ameongeza makaa.