Mawe Yaliyosuguliwa

Chambuso aliingia sebuleni, akaona mawe meupe ndani ya tangi lake la samaki, akasimama kama aliyepigwa kofi.

"Nani kayagusa?"

"Mimi," alijibu mdogo wake, Sijaona, akitandika kitambaa mezani. "Wageni wa posa ya mwanao wako njiani, nawe umeweka mawe yenye ukoga! Nimeyasugua kwa mchanga na jivu kama masufuria."

"Ule ukoga ndio chakula chao! Nimeuotesha hapo dirishani tangu masika."

"Si uwatupie ugali, kaka?"

Chambuso akaliinamia tangi. Samaki wake wawili wa buluu walikuwa wameishi kwa amani, kila mmoja akila utando wa kijani wa jiwe lake. Sasa waligombea ufa mmoja ambao mkono wa Sijaona haukuufikia. Samaki mdogo alikwisha kuchanika mkia.

Chambuso akatoka kwenda uani akiwa amevaa kanzu yake ya wageni. Chini ya pipa la mvua linalovuja palikuwa na jiwe lililoota kijani kibichi. Akapiga magoti matopeni, akaling'oa kwa kucha.

"Hodi!" wageni waliita, wakiingia sebuleni.

"Kaka, kanawe kwanza, utatuaibisha!"

"Aibu umekwisha kuileta wewe!"

Akapita katikati ya wageni bila salamu, tope likimchuruzika kifuani, akalizamisha jiwe tangini. Maji yakachafuka, samaki wasionekane. Baba wa mchumba akaacha kiti, akainama kando yake, na wote wawili wakangoja maji yatulie.