Duara Jeusi Kando ya Ziwa

Kwanza niliona nyasi. Kando ya ziwa, pale treni yetu ya matajiri inapopunguza mwendo ili wapige picha milima ya Uskoti, kuna duara jeusi ambalo nyasi zimekataa kuota.

Nilikuwa nikiwamiminia chai. Mama mmoja mwenye lulu shingoni akagonga kioo. "Binti, nani kaharibu pale? Nimetoka London kote huko nije kuona majivu?"

Murdo, mkuu wa behewa, akanijibia. "Wale watu wa mahema, wanaohamahama, mama. Wachafu hao! Wiki ijayo tunamwaga kokoto na kuweka meza. Ukirudi, utakunywa wiski palepale."

"Afadhali. Na wewe mtoto, chai yote hiyo unamnywesha nani, sahani?"

Kikombe kilikuwa kimefurika. "Samahani, mama," nikasema, nikafuta. Murdo hajui kwetu ni wapi.

Kwetu mtu akifa, tunachoma hema lake na vyote alivyotumia, asije mwingine akavigusa.

Moyoni nikamjibu: Mama, hakuna aliyeharibu. Hapo tulichoma hema la bibi yangu. Msiweke meza.